Dola 500, watu wawili, siku nane: je, Kathmandu inawezekana?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga. Pamoja na mdogo wangu wa kike tumeweka akiba kwa ajili ya safari ya Nepal, na tukishaondoa nauli ya ndege tunabakiwa na dola 500 za kutumia kwa siku nane mjini Kathmandu. Hatuna nia ya kupanda milima. Tunachotaka kuona ni mahekalu, masoko ya kale na maisha ya watu. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo tungependa kujua pia habari ya chakula. Je, fedha hizi zinatosha? Na kati ya likizo ya Juni na ya Desemba, ipi inafaa zaidi?

Jibu: Mwalimu, zinatosha, na mkijipanga vizuri mtarudi na chenji. Ila ni lazima mjue mapema fedha huishia wapi katika mji ule, kwa sababu wageni wengi huangalia pasipohusika. Hubishana na mwenye gesti juu ya rupia mia mbili za chumba, ilhali kitanda na chakula ndivyo vitu rahisi kuliko vyote Kathmandu. Kinachomaliza mfuko wa mgeni ni viingilio vya maeneo ya kale, teksi, na mazoea ya kufanya kila kitu Thamel, mtaa wa watalii, ambako kikombe cha kahawa huweza kuuzwa kwa bei ya mlo kamili wa wenyeji. Kwa hiyo nitaipanga safari yenu kwa kufuata tiketi, wala si kwa kufuata vitanda.

Tuanze na sababu ya viingilio kuwa vingi. Bonde la Kathmandu, lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, lina miji mitatu ya kifalme iliyo karibukaribu: Kathmandu yenyewe, Patan ambayo pia huitwa Lalitpur, na Bhaktapur. Mfalme Yaksha Malla alipofariki mwaka 1482, wanawe waligawana ufalme, na kwa karibu miaka 300 iliyofuata kila tawi la ukoo lilijenga jumba, uwanja na mahekalu ya kulishinda tawi jingine, hadi Prithvi Narayan Shah, mfalme wa Gorkha, alipoiteka miji hiyo mwaka 1768 na 1769. Ugomvi ule wa ndugu ndio uliotuachia viwanja vitatu vya kifalme, vyote vikiitwa Durbar Square, na ndio unaowafanya ninyi leo mlipe madirishani mara tatu. UNESCO iliyaingiza maeneo saba ya bonde hilo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979: viwanja hivyo vitatu, stupa za Swayambhu na Boudha, yaani majengo matakatifu ya Kibudha yenye umbo la kuba, na mahekalu ya Pashupati na Changu Narayan.

Kwa mgeni asiyetoka nchi jirani za Asia Kusini, makadirio ya kupangia ni rupia 1,000 kwa Durbar Square ya Kathmandu, 1,000 kwa Patan, 1,800 kwa Bhaktapur, 1,000 kwa Pashupati, 400 kwa Boudha na 200 kwa Swayambhu, na Changu Narayan ni mia chache tu. Viwango hivi hupandishwa mara kwa mara, hivyo wekeni rupia 6,000 kwa kila mmoja na msizitumie kwa jambo jingine. Dola moja ni kama rupia 135 au zaidi kidogo. Hapa nitatumia 135.

Sasa angalieni jambo ambalo wageni wengi hawaliulizi dirishani. Tiketi ya Bhaktapur haiishi jioni ya siku mliyoinunua: mkionyesha pasipoti na kuomba, huandikwa kuwa halali kwa hadi wiki moja. Ya Durbar Square ya Kathmandu nayo huweza kuongezewa muda bila malipo katika ofisi iliyopo upande wa Basantapur, mkiwa na pasipoti na picha ndogo. Ndiyo maana siwashauri mwende Bhaktapur kwa matembezi ya saa nne kama wafanyavyo wanaokwenda na mabasi ya watalii. Laleni huko. Uwanja wa ndege wa Tribhuvan uko mashariki mwa Kathmandu, na Bhaktapur iko mashariki zaidi, kama kilomita 13 kutoka katikati ya mji mkuu. Kwa hiyo mkishuka kwenye ndege msirudi magharibi kwenye msongamano wa Thamel, bali elekeeni Bhaktapur moja kwa moja, mlale siku tatu, kisha mhamie Kathmandu kwa siku zilizobaki.

Bhaktapur nitaieleza kwa kirefu kidogo, kwani kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kiingilio chake kuliko mahali pengine popote bondeni. Sehemu kubwa ya mji wa kale haipitishi magari mengi, na wakazi wake, ambao wengi ni Wanewari, yaani wenyeji wa asili wa bonde, bado wanaishi katika nyumba za matofali mekundu zenye madirisha ya mbao zilizochongwa kwa ustadi ambao mtu aliyezoea kuiona milango ya Pangani na Zanzibar atausimamia na kuutazama. Hekalu la Nyatapola, lenye mapaa matano, lilijengwa na mfalme Bhupatindra Malla mwaka 1702. Lilistahimili tetemeko kubwa la mwaka 1934 na lile la tarehe 25 Aprili 2015, lililokuwa na ukubwa wa 7.8 na kuua watu wapatao 9,000 nchini. Mahekalu mengine hayakuwa na bahati hiyo, na mtaona mengine yakiwa yamejengwa upya na mengine bado yana viunzi. Mkiwa mmelala ndani ya mji, mtatoka alfajiri wakati wanawake wanapopeleka sahani za maua na mchele kwenye vihekalu vya pembe za mitaa, na uwanja wa wafinyanzi ukiwa bado una ukungu; kufikia saa nne asubuhi makundi ya watalii yanapowasili, ninyi mtakuwa mmekwisha kuona kilicho bora na mnaweza kupanda basi la wenyeji hadi Changu Narayan, kilomita chache kaskazini, penye maandishi ya jiwe ya mfalme Manadeva ya mwaka 464. Msiondoke bila kula juju dhau, mtindi mzito mtamu unaogandishwa na kuuzwa katika vibakuli vya udongo.

Mtakapohamia Kathmandu, chumba kitafuteni Jhochhen, mtaa uliojulikana na vijana wa Ulaya na Marekani wa miaka ya 1960 na 1970 kwa jina la Freak Street, au Paknajol, kando ya Thamel. Chumba safi cha watu wawili hupatikana kwa rupia 1,500 hadi 2,000, na bei huzungumzwa, hasa nje ya msimu. Kabla ya kulipa, ombeni kuonyeshwa chumba, fungueni bomba la maji ya moto wenyewe, na ulizeni kama maji hayo hutegemea jua. Gesti nyingi zina matangi ya jua juu ya paa, na maji huwa moto alasiri, hivyo anayengoja kuoga saa kumi na mbili asubuhi ataoga ya baridi. Nyumba hizi kwa kawaida hazina joto la kupasha chumba. Ombeni mablanketi ya ziada siku ya kwanza, msingoje usiku.

Soko ndilo starehe isiyo na kiingilio, nami ningewatengea siku mbili nzima kwa ajili yake. Kutoka Asan hadi Durbar Square kuna barabara nyembamba inayokata mji wa kale kwa mshazari, nayo ni sehemu ya njia ya kale ya wafanyabiashara waliosafiri kati ya India na Tibet. Asan ni makutano ya njia sita, na katikati yake kuna hekalu dogo la Annapurna, mungu wa kike wa nafaka, jambo linaloeleweka mara moja mkitazama magunia ya mchele, dengu, manjano, iliki na pilipili yaliyolizunguka. Mtaona pia mafungu ya samaki wadogo waliokaushwa, ambao mtu wa Tanga hatasita kuwaita dagaa, na maduka ya vyungu vya shaba vinavyouzwa kwa uzito. Mkishuka kidogo mtafika Kel Tole, na ndani ya ua wake hekalu la Seto Machhindranath, ambalo Wahindu na Wabudha huliabudu pamoja. Mbele yake ni Indra Chowk, penye uchochoro wa wauza shanga za kioo zinazoitwa pote, ambazo wanawake walioolewa huvaa shingoni. Wauzaji wake wengi ni Waislamu ambao familia zao zimekuwa katika biashara hiyo kwa vizazi, na salamu yenu itaitikiwa. Pembeni, Bangemudha, kuna gogo lililopigiliwa sarafu na misumari mpaka halionekani tena kuwa mti: ni mahali pa wenye maumivu ya meno, na mtaa unaopakana nalo umejaa madaktari wa meno wenye mabango ya meno ya bandia, jambo ambalo nadhani ni busara ya kibiashara.

Nendeni Asan mapema asubuhi au magharibi. Nunueni viungo hapa na si Thamel, na muulize bei katika maduka matatu kabla ya kufungua pochi. Kuhusu shali za pashmina, yaani sufu laini ya mbuzi, nitasema tu kwamba inayouzwa kwa rupia mia chache haikutoka kwa mbuzi. Inunueni kama mmeipenda rangi. Vitu vinavyodaiwa kuwa vya kale sana viacheni, kwa sababu kuvitoa nchini vitu vyenye umri wa zaidi ya miaka 100 kunakatazwa, na hata sanamu mpya inayofanana na ya kale huweza kuhitaji cheti cha Idara ya Mambo ya Kale.

Kuhusu chakula, Mwalimu, mko mahali pazuri kuliko mnavyodhani. Mlo wa kila siku wa Wanepali ni dal bhat, yaani wali, mchuzi wa dengu, mboga na achari, na desturi ya mikahawa mingi ni kuwaongezea wali na mchuzi bila malipo mpaka mseme basi. Wa mboga tupu hupatikana kwa rupia 200 hadi 350 katika mikahawa ya wenyeji. Chai yao ya maziwa na tangawizi haitawashangaza, sambusa mtazikuta kila kona, na sel roti, pete za unga wa mchele zilizokaangwa, zitawakumbusha vitumbua ingawa hazina nazi. Chakula maarufu cha mitaani ni momo, vifuko vya unga vilivyojazwa nyama au mboga na kupikwa kwa mvuke. Hapo ndipo pa kuwa waangalifu: nyama ya kawaida ndani yake ni ya nyati wa kufugwa, kwani kuchinja ng’ombe ni marufuku kisheria Nepal, na nguruwe huuzwa pia, kwa hiyo mkiwa kwa muuzaji msiyemjua agizeni momo za mboga. Kwa nyama ya halali, nendeni eneo la Ghantaghar, karibu na mnara wa saa, uliko msikiti wa Kashmiri Takiya na msikiti wa Jame Masjid. Mikahawa ya Waislamu iko jirani, na mtu akitoka swala ya Ijumaa hapotei njia ya biriani. Mjue pia kwamba katika mikahawa ya watalii bei ya menyu mara nyingi haijajumuisha kodi ya asilimia 13, na pengine malipo ya huduma juu yake. Maji ya bomba msinywe kabisa.

Swali la majira ni rahisi. Juni ndipo mvua za masika ya Asia zinapoanza, na huendelea hadi Septemba. Njia huwa tope na mawingu hufunika kila kitu. Nendeni Desemba. Mchana kuna jua na joto la kama nyuzi 19, ila alfajiri hushuka hadi nyuzi 3 au chini yake, nanyi watu wa pwani mtaihisi baridi hiyo mifupani. Chukueni majaketi, soksi nzito na kofia, au vinunueni huko kwa bei nafuu. Kasoro ya majira hayo ni hewa: bonde ni kama bakuli, na moshi wa magari na wa tanuri za matofali hukaa chini wakati wa baridi, hivyo barakoa ni muhimu, hasa kwa mwenye pumu. Tena msitarajie kuiona milima yenye theluji mkiwa dirishani Thamel.

Patan mnaweza kwenda na kurudi siku moja kwa basi. Kiingilio chake ni pamoja na makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1997 ndani ya jumba la kifalme, na sijui makumbusho mengine katika nchi ile yanayoeleza vizuri zaidi maana ya sanamu mnazoziona mitaani. Yaangalieni hayo kwanza, kisha ndipo mzunguke nje na kulitazama hekalu la mawe la Krishna la mwaka 1637. Siku nyingine unganisheni Pashupati na Boudha, kwani kati yake ni mwendo wa miguu wa nusu saa hivi. Hekalu kuu la Pashupati haliruhusiwi kwa asiye Mhindu. Mgeni hukaa ng’ambo ya mto Bagmati, na upande wa pili ndipo maiti huchomwa hadharani. Kama mtalazimika kupunguza kiingilio kimoja, ningepunguza hiki. Mkienda, kamera iacheni mfukoni mbele ya wafiwa, na mkumbuke kwamba watu watakatifu waliojipaka majivu hudai malipo ya picha. Boudha fikeni jioni, wakati watu wenye asili ya Tibet wanapoizunguka stupa wakiomba na taa za siagi zikiwashwa. Zungukeni pamoja nao huku stupa ikiwa mkono wenu wa kulia, wala msiende kinyume. Swayambhu ni ya asubuhi, kwa miguu kutoka Thamel, ngazi 365 na nyani wengi ambao hawana haya. Msishike chakula mkononi.

Usafiri hautawasumbua. Magari hupita kushoto kama kwetu, na mabasi madogo yana utingo anayening’inia mlangoni akitaja vituo kwa sauti, ila majina ndiyo mapya: Ratna Park ni kituo kikuu cha katikati, na mabasi ya Bhaktapur huondokea karibu na Bagbazar. Nauli ndani ya mji ni kama rupia 20 hadi 40. Kuna pia bajaji kubwa za umeme ziitwazo Safa Tempo, nyingi zikiendeshwa na wanawake, na pikipiki za kuitwa kwa programu ya Pathao, zenye bei inayoonekana kabla ya kupanda. Teksi ya barabarani mkubaliane bei kabla mlango haujafungwa. Ofisi za serikali hufungwa Jumamosi, basi shughuli ya makaratasi msiiweke siku hiyo.

Kuhusu makaratasi yenyewe: mwenye pasipoti ya Tanzania hupata viza akifika uwanjani, dola 30 kwa siku 15, na fomu hujazwa mtandaoni ndani ya siku 15 kabla ya kufika. Raia wa baadhi ya nchi za Afrika, zikiwamo Nigeria, Ghana, Ethiopia na Somalia, hutakiwa kuipata kabla ya safari, na kwa sababu hiyo mhudumu wa kaunta ya ndege asiyejua tofauti huweza kumsimamisha Mwafrika yeyote. Hakikisheni kanuni kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji ya Nepal wiki moja kabla ya kuondoka, muichapishe, na muwe na tiketi ya kurudi na nafasi ya chumba mkononi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ichukueni pia. Fedha bebeni dola safi zisizochanika; shilingi haibadilishwi kule, na mashine za kutolea fedha hukata rupia 500 au zaidi kila mara, kwa hiyo mkilazimika kuzitumia toeni kiasi kikubwa kwa mkupuo.

Hesabu basi iko hivi. Viza mbili ni dola 60. Zinabaki 440, sawa na rupia 59,400. Viingilio vya wote wawili 12,000. Chumba, siku tatu Bhaktapur kwa 2,500 na tano Kathmandu kwa 1,800, ni 16,500. Chakula, kwa rupia 900 kila mtu kwa siku, 14,400. Usafiri wote pamoja na teksi za uwanja wa ndege, 4,500. Jumla ni 47,400, na mnabakiwa na rupia 12,000, karibu dola 89, za laini ya simu, viungo vya Asan na shanga za Indra Chowk. Msizibadilishe dola zote siku ya kwanza. Rupia zitakazosalia zirudisheni kuwa dola kabla ya kupanda ndege, kwa maana mkifika nazo Tanga hamtapata wa kuzibadilisha.